Rafiki, Shoga, na Jina Lililokosekana

Mhusika mkuu wa filamu ya The Watermelon Woman (1996) anafanya kazi ambayo Dodoma tunaijua vizuri: anakaa nyuma ya kaunta ya duka la kukodisha video. Anaitwa Cheryl, anaishi Philadelphia, na jioni hubeba kanda kwenda kuziangalia nyumbani. Kwetu kanda zilishaondoka, zikaja DVD, nazo zikaondoka. Siku hizi mtu hupeleka flashi kwenye kibanda, akalipia, akajaziwa muvi. Kwenye kompyuta ya kibandani kila kitu kina folda yake: za kupigana, za Kihindi, za Kikorea, Bongo Movie, zilizotafsiriwa. Wanawake wamejaa katika folda zote. Wanalia, wanafumaniwa, wanarogana, wanaokolewa. Ila ukiuliza filamu ambazo wanawake wameziongoza wenyewe, kuhusu maisha ya wanawake wenzao, muuzaji atakuangalia kama umeuliza bei ya mvua.

Nataka kuzungumzia tatu za namna hiyo. Mbili zimeongozwa na wanawake Weusi wa Marekani ambao wamejitambulisha wenyewe, hadharani, kuwa wanapenda wanawake: Cheryl Dunye na Dee Rees. Ya tatu, Rafiki, ni ya Mkenya Wanuri Kahiu. Yeye simpi utambulisho wowote, naizungumzia filamu yake. Zote tatu ni filamu huru, zilizotengenezwa nje ya kampuni kubwa, na zote zinahangaika na jambo moja ambalo nimelitafakari sana katika mji huu: mwanamke wa aina hii aitwe nani, na nani atalitunza jina lake.

Kiswahili chenyewe kinakwama hapo. Neno lililopo mtaani, msagaji, limetokana na kusaga, kazi ya jiwe na uwele iliyowainamisha bibi zetu alfajiri. Mtu akilitamka leo hafikirii unga. Analirusha kama jiwe lenyewe. Shoga lina kisa kirefu zaidi. Mwanamke alimwita rafiki yake wa kike shoga, na wapo wanaoitana hivyo hadi leo: "Shoga yangu, njoo nikwambie." Kisha neno hilohilo likageuzwa kuwa tusi la mwanaume. Lugha ikachukua neno la urafiki wa wanawake, ikalipeleka matusini, na wao ikawaachia lile la jiwe. Ndiyo maana kichwa cha filamu ya Kahiu kinaniuma kuliko anavyoweza kuumia mtazamaji wa ughaibuni. Rafiki ni neno linalobaki baada ya mengine yote kuchafuliwa. Ndilo ambalo wawili hawa hulitumia wanapotambulishana mbele ya watu, na kila mmoja anajua limeficha nini.

Tuanze na Dunye, aliyezaliwa Liberia na kukulia Marekani. The Watermelon Woman inahesabiwa kuwa filamu ndefu ya kwanza kuongozwa na mwanamke Mweusi anayetangaza kuwa anapenda wanawake. Aliitengeneza kwa takriban dola 300,000, na yeye mwenyewe ndiye anayeigiza Cheryl. Katika kanda mojawapo ya miaka ya 1930, Cheryl anamwona mwigizaji Mweusi katika nafasi ya mtumishi, mzuri kupita kiasi kwa nafasi ile ndogo. Anaisubiri orodha ya waigizaji ili asome jina lake. Anakuta ameandikwa "Mwanamke wa Tikiti Maji" tu, basi. Filamu nzima ni safari ya kulitafuta jina hilo. Cheryl anamhoji mama yake mzazi, na ni mama yake Dunye kweli aliye mbele ya kamera. Anakwenda maktaba, anakwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ambako picha zimetupiwa ndani ya maboksi, anaambiwa hakuna kitu. Polepole anampata: Fae Richards, mwimbaji na mwigizaji, aliyependana na mwongozaji Mzungu, kisha akaishi miaka mingi na mwanamke Mweusi mwenzake aitwaye June.

Tunaziona picha zao, nyeusi na nyeupe, zenye mikunjo na kingo zilizochakaa. Ndipo mwishoni maandishi yanatokea kwenye skrini kutueleza kwamba Fae Richards hakuwahi kuwepo. Dunye amemtunga. Picha zile alizipiga msanii Zoe Leonard kwa ajili ya filamu hii. Dunye anasema wazi kwamba palipokosekana historia, alilazimika kuitengeneza.

Wapo wanaoona hapo wamechezewa shere. Mimi naona ndipo filamu inapopata uzito wake. Tumekaa saa moja na nusu tukimwamini Fae kwa sababu kila kitu kuhusu kupotea kwake ni cha kweli: majukumu ya utumishi, orodha zisizo na majina, maboksi yasiyofunguliwa. Kilichotungwa ni mtu mmoja, kilichomfuta kipo. Filamu ina udhaifu pia. Uigizaji ni wa kubahatisha hapa na pale, na mapenzi ya Cheryl na binti wa Kizungu, Diana, yanapata nafasi kubwa kuliko yanavyostahili, wakati Tamara, rafiki yake wa dukani mwenye ulimi mkali, anaachwa pembeni. Lakini June anairekebisha filamu kwa barua yake. Anamtaka Cheryl aache kumkuza yule mwongozaji wa Kizungu na ayaangalie maisha ambayo wanawake wawili Weusi waliyaishi nyumbani kwao kwa miaka. Ni nadra kuona filamu inamruhusu mhusika wake kuikosoa namna hiyo.

Mtu wa Dodoma hahitaji kwenda Philadelphia kulielewa jambo hili. Kwa Wagogo, ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Mwanamke huikamata ngoma kwa mapaja, akacheza nayo huku mikono ikiipiga. Tunajivunia, na kwenye sherehe za serikali ndiyo inayotangulia. Jina linalojulikana duniani kutoka muziki huu, hata hivyo, ni la mwanaume, Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, na heshima hiyo aliistahili. Wanawake waliokuwa nyuma yake na nyuma ya wengi kama yeye wameandikwa kama kikundi, kama kiitikio, kama "akina mama wa Kigogo". Ilichukua hadi 2024 kwa Pendo na Leah Zawose, wa ukoo huohuo, kutoa albamu ya Maisha wakiwa wao ndio walio mbele. Sisemi lolote kuhusu maisha ya ndani ya wapiga ngoma hao. Ninachosema ni kwamba ikiwa mwanamke anayepiga ngoma hadharani, mchana, mbele ya viongozi, hukosa jina, basi yule ambaye maisha yake yamelazimika kufichwa ana nafasi gani?

Pariah ya Dee Rees (2011), iliyoanza kama filamu fupi miaka minne kabla, haina haja ya hifadhi ya nyaraka. Inatokea ndani ya nyumba. Alike, mwenye miaka 17, mwanafunzi wa Brooklyn anayeandika mashairi, anarudi kwao usiku kwa basi. Njiani anavua kofia na fulana pana, anavaa hereni, anashuka akiwa binti ambaye mama yake anataka kumwona. Dakika hizo chache za basi zinaeleza zaidi ya hotuba yoyote. Mpigapicha Bradford Young, aliyepata tuzo ya upigaji picha Sundance kwa kazi hii, anaumulika uso wa Adepero Oduye kwa rangi za taa za mjini, zambarau na kijani, na ngozi nyeusi inang'aa bila kusafishwa. Tumezoea filamu ambazo usiku ukiingia mtu mweusi hugeuka meno na macho. Hapa usiku ndio unaomwonyesha.

Lakini nguvu ya Pariah iko kwa mama, Audrey, aliyechezwa na Kim Wayans. Ingekuwa rahisi kumfanya jini. Rees anamwonyesha akila peke yake kazini, akimsubiri mume anayechelewa, akimnunulia bintiye blauzi kwa upendo wa dhati na kipimo kisicho chake. Hana shoga wa kumwambia lolote. Anampiga mwanawe, na tunaona kwamba anapiga kitu ambacho hakifahamu. Karibu na mwisho Alike anamwambia mama kwamba anampenda. Mama anajibu kwamba atamwombea. Hapa kwetu, mji wa makanisa na misikiti, sala ni zawadi. Tunaombeana kabla ya safari, mtihani, kujifungua. Sijaona filamu nyingine inayoonyesha kwa utulivu kiasi hiki jinsi sala inavyoweza kuwa mlango unaofungwa taratibu usoni mwa mtoto. Hakuna anayepaza sauti. Mama anaamini amejibu vizuri.

Rafiki (2018) inatuleta karibu, Nairobi, mtaa wa ghorofa wenye kibanda cha chai na mama mwenye kibanda asiyepitwa na umbea. Kena na Ziki ni mabinti wa baba wawili wanaogombea kiti kimoja cha udiwani. Kahiu aliitoa hadithi yake katika Jambula Tree ya Mganda Monica Arac de Nyeko, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Akaipaka rangi: nywele za Ziki, khanga kambani, kuta, juisi. Kahiu amekuwa akitetea sanaa ya Kiafrika yenye furaha na mzaha, isiyolazimika kubeba njaa na vita kila inapotoka nyumbani. Mambo ya siasa humu ni mepesi, wale baba wawili wamechorwa kwa haraka, na rangi nyingine zimewekwa kwa sababu tu zinapendeza. Hata hivyo kuna Samantha Mugatsia, anayemcheza Kena kwa mabega na kimya kuliko kwa maneno, na aliyepata tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO mwaka 2019. Kena anasema anataka kuwa nesi. Ziki anamuuliza kwa nini asiwe daktari. Kabla ya busu lolote, mapenzi yao yameanza hapo, kwa mtu mmoja kumwona mwenzake mkubwa kuliko alivyojiona.

Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya iliipiga marufuku mwaka huohuo ilipokuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi Cannes. Kahiu amesimulia kwamba alitakiwa kubadili mwisho, kwa sababu wasichana hawakuonyesha majuto. Mabinti hao walishapigwa na umati, wameombewa kanisani kama wenye pepo, mmoja amepelekwa London. Hayo yote hayakutosha, tatizo likawa tumaini. Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu ionyeshwe kwa watu wazima kwa siku 7, na kumbi za Nairobi zikajaa. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ikakataa ombi la kuiondolea marufuku kabisa.

Huku kwetu sheria ni kali zaidi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kifungu cha 154, ina kifungo cha kuanzia miaka 30 hadi maisha, na tangu 2004 Zanzibar inawataja wanawake waziwazi, kwa kifungo cha hadi miaka 5. Bunge linakaa mji huu huu. Ndiyo maana ni vigumu kufikiria filamu kama hizi zikipigwa hapa, na ni vigumu zaidi kumlaumu anayeogopa kuzipiga.

Hatuanzi mikono mitupu, lakini. Mwaka 1992 Mtanzania Flora M'mbugu-Schelling alitengeneza These Hands, filamu ya dakika 45 kuhusu wanawake wanaoponda kokoto Kunduchi, Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Haina msimulizi wa kutueleza tuwaonee huruma kiasi gani. Kuna nyundo, jua, watoto, na wimbo wanaouimba wenyewe. Haihusu mapenzi, wala mwongozaji hakusema inahusu. Lakini inafundisha adabu ileile ya Dunye na Rees: kukaa na wanawake muda wa kutosha hadi waache kuwa mfano wa tatizo na wawe watu wenye mkono huu, kicheko hiki, uchovu huu. Dodoma ya leo, inayojengwa kila upande kwa mawe ya vilima vyake, ina wapondaji wake. Ina wauza zabibu wa kando ya barabara, ina wanafunzi wa chuo wanaopanga chumba kimoja wawili wawili na kumwambia mwenye nyumba kwamba ni marafiki. Mara nyingi huo ndio ukweli wote. Wakati mwingine ni nusu yake.

Filamu hizi tatu hazikunifundisha msimamo. Zilinifundisha kusoma orodha ya mwisho, ile tunayoikatisha ili tufungue muvi nyingine. Siku binti wa hapa atakapothubutu, hata kwa simu na taa ya dukani, kutuonyesha wanawake wawili wanavyoishi katika vumbi hili, sitamwomba mwisho wa majuto. Nitaomba tu kila mwanamke aliyepita mbele ya kamera, hata aliyebeba ndoo akapotea, aandikwe kwa jina lake kamili, au kwa jina atakalolichagua mwenyewe, kama jina kamili litamponza.