Kikundi cha ngoma kilivyogeuka tawi la chama

Ukishuka mwendokasi Gerezani ukapenya Kariakoo hadi Mtaa wa Lumumba, unafika palipoasisiwa chama cha TANU Julai 7, 1954. Vuka viwanja vya Mnazi Mmoja, unaikuta Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ni mwendo mfupi kwa miguu. Lakini kati ya mahali pale na jina lile kuna kazi ambayo husimuliwa juu juu: mwaka 1955, katika muda wa miezi mitatu hivi, TANU ilipata wanachama wanawake wapatao 5,000. Walipatikanaje?

Chanzo ni swali la mgeni. Katikati ya mwaka huo John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alifika Dar es Salaam, akawauliza viongozi wa TANU wanawake wako wapi. Akatafutwa Titi Mohamed, mzaliwa wa mji huu wa mwaka 1926, ambaye kadi yake ya chama ilikuwa namba 16; namba 15 ilikuwa ya mumewe, Boi Selemani. Shule alikuwa ameishia darasa la nne. Mjini alijulikana kwa sauti: alikuwa mwimbaji kiongozi wa Bomba, kikundi cha ngoma cha wanawake.

Yeye na wenzake, akiwamo Tatu binti Mzee, waliwaendea viongozi wa vikundi vya ngoma. Hapo ndipo ulipo ufundi wenyewe.

Kikundi cha lelemama, ngoma ya wanawake wa pwani, kilikuwa na mama mkubwa anayesikilizwa, mwenye kushika fedha, na wa kupita nyumba kwa nyumba kupeleka habari. Mtindo huo ulikuwa na mizizi: tangu siku za ngoma ya beni, wakati vyama hasimu vya Marini na Arinoti vilipokuwa vikitambiana, vyama vya ngoma vya pwani vilijipangia vyeo hadi vya kifalme na vya kijeshi. Kwa hiyo kiongozi mmoja akikubali, hakuja peke yake. Alikuja na safu nzima.

Itazame sare. Wanakikundi walichangishana wakanunua kanga za aina moja, na siku ya ngoma kila mmoja akasimama kwenye mstari na doti yake. Ambaye hakuchanga alionekana kwa macho, pasipo haja ya kusemwa. Mwanamke aliyezoea kutoa mchango wa sare, wa harusi na wa msiba hakuhitaji kufundishwa maana ya ada ya uanachama. Kadi ilikuwa mchango mwingine, na fahari yake ilikuwa ileile ya kuonekana umo.

Halafu kuna wimbo wenyewe. Kiongozi hutupa mstari, kundi huitikia, mstari unarudi mpaka ushike. Kwa wanawake ambao wengi hawakujua kusoma, hilo lilikuwa darasa. Ndivyo kungwi alivyomfunda mwali, kwa wimbo na kwa mwili, na wanawake wengi wa pwani walikuwa wamepita mkononi mwa kungwi. Bibi Titi alipopanda jukwaani alikuwa amekwishajua lini anyanyue sauti na lini awaachie watu waitikie.

Jambo la mwisho ni la sheria. Waraka wa serikali wa mwaka 1953 uliwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwanamume aliyekuwa karani serikalini alihatarisha mshahara. Mke wake, au dada yake anayeuza maandazi, hakuwa na mwajiri wa kumfukuza.

Si Dar es Salaam pekee: Hawaii nako wanaujua uwezo huu wa ngoma wa kushikanisha watu na kutunza elimu yao. Huko hula, ngoma yao ya jadi, ilipigwa marufuku hadharani mwaka 1830 kwa shinikizo la wamisionari, ikaendelea kurithishwa ndani ya koo. Edith Kanakaʻole, aliyezaliwa 1913, alifundishwa na mama yake, akaanzisha chuo chake cha hula mwaka 1953, kisha akafundisha hadi chuo kikuu mjini Hilo. Mwaka 2023 sura yake ilichapwa kwenye sarafu ya Marekani ya senti 25.

Lakini mbinu ya Dar es Salaam ilikuwa na kikomo. Vikundi viliishi kwa ushindani: huyu ana kanga nzuri zaidi, yule ana tungo kali zaidi. Ushindani huo haukupata nafasi pale mwaka 1962 ilipoundwa UWT, jumuiya moja ya wanawake wote, Bibi Titi akiwa mwenyekiti wa kwanza. Ofisi ikachukua nafasi ya uwanja wa ngoma. Yeye mwenyewe alikamatwa mwaka 1969 kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiwa mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000.

Sare zimebaki. Kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru kamati za harusi bado hununua kanga kwa korija, na daftari la michango bado linashikwa na mama mmoja asiyesahau jina.