Nani Ameendelea? Tafakuri Fupi Juu ya Mataifa ya Kusadikika

Kila tunapofundisha Kusadikika (1951) hapa Kampala, zoezi moja hujirudia. Wanafunzi huchora jedwali: upande mmoja Kusadikika, upande wa pili nchi walikotumwa wajumbe. Kisha huamua nani ameendelea na nani yuko nyuma. Majirani hushinda. Aghalabu mwanafunzi mmoja huongeza kwamba Kusadikika ni Afrika na majirani ni Ulaya. Kwa maoni yetu, jedwali hilo linapotosha riwaya, tena linamfunza kijana kujidharau.

Tuanze na matini yenyewe. Shaaban Robert ametunga nchi iliyo angani, ambayo mipaka yake ni pepo: Matlai, Umande, Kaskazi na Kusi. Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na mapendekezo ya kuifaa nchi, wakatiwa kifungoni. Wahenga walisema mjumbe hauawi. Kusadikika haikuwaua, iliwafunga. Kwa hiyo nchi hii haikukosa maarifa. Maarifa yalifika mlangoni yakazuiwa na wakubwa waliohofia madaraka yao. Tofauti kati yake na majirani haimo katika vyombo wala katika akili za watu.

Aidha, wahakiki wengi huisoma riwaya hii kama fumbo la utawala wa kikoloni, kwani Tanganyika ya 1951 ilikuwa chini ya Waingereza. Tukikubali fasiri hiyo, jedwali linapinduka. Serikali iliyokuwa na reli, meli na simu ndiyo Kusadikika yenyewe!

K. W. Wamitila ameusogeza mjadala huu mbele katika Bina-Adamu! (2002). Msafiri wake anapita Afrika, Ulaya, Asia na Marekani akimtafuta P.P., ambaye ni ishara ya nguvu za Magharibi. Kwa teknolojia P.P. hana mpinzani, lakini nyayo zake ni za uharibifu. Hapa kipimo cha mashine kinavunjika kabisa. Mabomu yaliyoangushwa Hiroshima na Nagasaki mwaka 1945 yalikuwa kazi ya wataalamu wa hali ya juu. Nani atayaita ustaarabu?

Hata hivyo, Shaaban Robert naye hakosi lawama. Majirani wa Kusadikika ni kama duka la kuchukulia mifano mizuri. Hatuoni sana mila zao, migogoro yao, wala wao kujifunza lolote kutoka kwa mgeni. Suala la lugha nalo halipewi uzito, kana kwamba mjumbe huvuka mpaka na kueleweka papo hapo. Msomaji wa Kampala, anayesikia Kiganda, Kinyankole na Kiacholi katika soko moja, ana haki ya kuuliza: wajumbe hawa walizungumza nini, na nani aliwatafsiria?

Tunapendekeza walimu wafute safu ya "ameendelea" na "yuko nyuma", waweke maswali matatu. Nani anaruhusiwa kusema? Mjumbe akirudi na habari mpya hufanywaje? Chombo kipya kinamnufaisha nani? Kwa maswali hayo mwanafunzi ataweza kulinganisha taifa lolote, la kubuni au la kweli, pasipo kuliweka lake mwisho kabla ya kusoma.

Sisi walimu wa Kiswahili nchini Uganda tunaujua ujumbe unaokaa mlangoni. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili; Baraza la Mawaziri likaidhinisha hatua za utekelezaji mwaka 2022. Katika miaka hiyo kumi na saba hatukukosa vitabu vya sarufi. Kilichokosekana ni utayari wa kumsikiliza mjumbe, na hilo ndilo Karama alilokuwa akilieleza mahakamani.