Mgeni, Mila Zake na Uaminifu kwa Taifa

Wahenga walituachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza yasema: Mwacha asili ni mtumwa. Ya pili yasema: Ukienda kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Mtu aliyehamia nchi ya watu aitii ipi? Swali hili liliwashughulisha wataalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Chicago, nchini Marekani, katika miaka ya 1910 na 1920, na majibu yao yastahili kupimwa na kila mwalimu wa mambo ya utamaduni.

Wakati ule mamilioni ya watu kutoka Italia, Poland, Urusi na kwingineko walikuwa wamehamia Marekani. Nchi hiyo ilipoingia vitani mwaka 1917, lugha ngeni ikahesabiwa kuwa dalili ya uhaini. Mwezi Mei 1918 Gavana wa jimbo la Iowa aliamuru Kiingereza peke yake kitumike shuleni, katika mikutano ya hadhara, na hata katika simu. Mwaka 1919 jimbo la Nebraska lilitunga sheria ya kukataza watoto wadogo wasifundishwe lugha za kigeni. Mahakama ya Juu ikaitengua mwaka 1923.

Katikati ya hofu hiyo, William I. Thomas na Florian Znaniecki walitoa majuzuu matano juu ya mkulima wa Poland, kati ya 1918 na 1920. Walizisoma barua za wahamiaji na jamaa zao, wakaona kwamba mhamiaji hapotei kwa kuwa ameshika mila za kwao. Hupotea pale mila hizo zinapomponyoka kabla hajapata nyingine za kumwongoza. Kwa hiyo vyama vya wahamiaji vilikuwa daraja, wala havikuwa ukuta. Robert E. Park, ambaye kwanza alikuwa mwandishi wa magazeti, alitoa kitabu juu ya magazeti ya wahamiaji mwaka 1922. Naye alionyesha kwamba gazeti la lugha ya nyumbani lilimfundisha mgeni mambo ya nchi mpya, ambayo hangeweza kuyasoma kwa Kiingereza.

Hapana budi tuwasifu kwa hekima hiyo. Walifahamu kwamba uaminifu hauzaliwi kwa kumkata mtu ulimi.

Hata hivyo, kazi yao ina kasoro kubwa: walimchunguza mgeni kwa makini kuliko walivyomchunguza mwenyeji. Park alifundisha kwamba watu wakikutana hushindana, kisha huvumiliana, na mwisho huwa kitu kimoja. Lakini yeye mwenyewe, mwaka 1914, alikuwa amekwisha kuona kwamba Mjapani na Mmarekani mweusi huzuiwa na sura zao, ambazo ni kama sare isiyovuliwa. Aliliona jiwe njiani, wala hakuibadili ramani yake. Mwaka 1942 Marekani iliwahamisha kwa nguvu na kuwafungia makambini watu wa asili ya Japani wapatao 120,000, ambao theluthi mbili walikuwa raia kwa kuzaliwa. Wengi walisema Kiingereza na kusoma shule za Marekani, lakini havikuwafaa kitu. Serikali iliwaomba radhi kwa sheria mwaka 1988. Basi uaminifu ni mkataba wa pande mbili. Mgeni hawezi kuutimiza peke yake.

Jambo hili halitupiti sisi. Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 waliishi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kwa miongo mingi. Serikali ilipokubali kuwapa uraia wapatao 162,000, kwanza iliwekwa sharti kwamba watawanywe mikoani ili wachanganyike na wananchi wengine. Baadaye sharti hilo liliachwa, na mwaka 2014 hati zikaanza kutolewa, wenyewe wakiruhusiwa kubaki katika mashamba waliyoyafungua. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, kwani anayelima ardhi na kulipa kodi amekwisha kutimiza upande wake wa mkataba.

Mwanafunzi atakayevisoma vitabu hivi na avisome kwa macho mawili: moja limtazame mgeni anavyojifunza kuwa mwananchi, la pili limtazame mwenyeji anavyojifunza kumkubali. Mtaalamu aliyefumba jicho hilo la pili ameandika nusu ya habari.