Jumba la Masultani na Mtazamaji Wake

Jumba la makumbusho lafaa kuhukumiwa kama kitabu kihukumiwavyo. Nalo lina mtungaji aliyechagua la kusema, lina sura zake, na lina mambo liliyoyanyamazia. Mtu aingiaye humo akastaajabia viti na vioo tu ni sawa na msomaji asifuye jalada pasipo kufungua kurasa.

Tuchukue mfano wa Beit al-Sahel, jumba lililo ufukweni mwa Mji Mkongwe, Unguja. Jumba la kwanza mahali hapo lilijengwa zama za Seyyid Said bin Sultan. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliyapiga mizinga majumba ya Sultani kwa muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Jumba likajengwa upya, na masultani wakalitumia mpaka Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwaka 1994 lilifunguliwa kuwa makumbusho.

Makumbusho hayo yalipangwa kwa zamu za watawala, ghorofa baada ya ghorofa: tangu Seyyid Said na mikataba yake na mataifa ya kigeni, hata Sultani Khalifa bin Harub, aliyetawala toka 1911 hadi 1960. Mpango huu una sifa zake. Mtazamaji hapotei njia, na vyombo vyenyewe vyasema zaidi ya maandishi. Chini palikuwa na samani nzito za enzi ya ukwasi; juu palikuwa na kabati la formika, ambalo hata karani angeweza kulinunua. Msomaji makini atambua hapo ya kwamba nguvu za kiti cha enzi zilikuwa zimekwisha kupungua kitambo kabla ya 1964, kwa maana tangu 1890 nchi ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza.

Sifa kubwa zaidi ni chumba alichotengewa Salme, binti wa Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Kwa ajili yake, kuta za nyumba ya wanawake zilipata ulimi.

Lakini hapa ndipo penye kasoro. Salme alikuwa mtoto wa mfalme. Aliyekwea mkarafuu, aliyechota maji, aliyepepea wageni wakinywa kahawa, chumba chake ki wapi? Utajiri ulionunua vitanda vile ulitoka sana katika mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Soko lao lilifungwa mwaka 1873, na hali ya utumwa ikafutwa katika sheria mwaka 1897. Masimulizi yaliyopangwa kwa majina ya masultani huwaweka watu hao nje ya mlango, ingawa pasipo wao mlango wenyewe usingalikuwako.

Yaweza kujibiwa ya kwamba mtumwa hakuacha kitanda cha kuonyesha. Ni kweli, lakini jibu hilo halitoshi. Makumbusho si ghala la samani. Neno fupi ukutani laweza kumtaja asiyekuwa na chombo.

Jambo hili latuhusu sisi wa Bungoma kuliko tudhaniavyo. Juu ya Webuye, si mbali na Matulo, iko ngome ya Chetambe, ambako mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walipambana na jeshi la Waingereza, lililosaidiwa na watu wa Nabongo Mumia wa Wanga. Nabongo alikuwa na boma na cheo. Waliokufa Chetambe waliacha handaki na kilima. Tukifundishwa kwamba historia hukaa katika majumba ya wafalme peke yake, tutapita juu ya kilima kile kama wapitao juu ya majani.

Basi, mwanafunzi, uingiapo katika jumba la wafalme, lolote liwalo, jiulize mambo matatu. Nani amepanga masimulizi haya? Mali hii ilitoka mikononi mwa nani? Na nani hakutajwa? Wala usichelewe kwenda. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jirani ya Beit al-Sahel, iliporomoka ikaua watu wawili. Jiwe nalo hufa, na likifa huenda na ushahidi wake.