Jahazi Lililojengwa kwa Nyimbo

Mei 17, 1969, katika karakana ya Harvey Gamage huko South Bristol, jimbo la Maine, Marekani, lilishushwa majini jahazi la mbao la mlingoti mmoja, lenye urefu wa futi 106, karibu mita 32. Msanifu wake, Cyrus Hamlin, alifuata mfano wa majahazi yaliyokuwa yakibeba mizigo na abiria katika Mto Hudson karne ya 18 na ya 19. Likapewa jina Clearwater. Halikuwa mali ya tajiri wala ya serikali. Watu walichangishana kulijenga, na njia yao kuu ya kuchangishana ilikuwa maonyesho ya nyimbo za jadi za Kimarekani, yaliyofanyika kwenye nyasi, kumbi na magati ya miji ya bonde la mto huo.

Maonyesho mengi ya hisani huisha usiku uleule. Wasanii huimba, tiketi huhesabiwa, hundi hukabidhiwa, na watazamaji hurudi makwao bila hata kuuona mto waliouchangia. Ya Clearwater yalipangwa kwa utaratibu mwingine, nao unastahili kufunguliwa kipande kwa kipande. Ndani yake fedha ilikuja baadaye. Kwanza mtu afikishwe ukingoni.

Mwenye wazo alikuwa mwimbaji Pete Seeger, aliyehamia Beacon, juu kidogo ya mto kutoka jiji la New York, mwaka 1949, akajenga nyumba ya magogo kwa mikono yake. Rafiki yake mmoja, mchoraji, alimwazima kitabu cha zamani kuhusu majahazi ya Hudson. Mwaka 1966 wakaanzisha shirika la kulifufua jahazi la aina hiyo. Wakati huo mto ulikuwa umegeuzwa mfereji. Maji taka ya miji yalimwagwa humo bila kusafishwa. Katika mji wa North Tarrytown, kiwanda cha magari cha General Motors kilimwaga mabaki ya rangi mtoni, wakazi wakawa wanaijua rangi ya magari ya siku hiyo kwa kutazama maji. Huko juu, Hudson Falls na Fort Edward, viwanda viwili vya General Electric vilikuwa vikimwaga kemikali za PCB tangu 1947, na havikuacha mpaka 1977. Makadirio ya juu ni pauni milioni 1.3, karibu tani 590.

Kwa nini basi jahazi, wakati fedha hiyohiyo ingeweza kulipa mawakili? Mawakili walikuwapo, tena walifanya kazi kubwa: mwaka 1965 mahakama ya rufaa ilikubali kwamba wananchi wanaotetea mandhari ya mlima Storm King wana haki ya kusikilizwa dhidi ya mradi wa umeme wa Con Edison. Lakini kesi huendeshwa na wachache, na Hudson una tabia inayodai wengi. Maji ya bahari hujaa na kupwa ndani yake hadi mji wa Troy, zaidi ya kilomita 240 kutoka mdomoni. Uchafu unaomwagwa na mji mmoja hauondoki moja kwa moja kwenda baharini. Maji yakijaa, uchafu husukumwa kurudi juu, kwa jirani. Hakuna mji ungeweza kujisafishia kipande chake peke yake, na miji hiyo haikuwa na mazoea ya kukaa pamoja. Kilihitajika kitu kinachoweza kwenda kote, kikatia nanga popote na kuwafanya watu washuke ukingoni kukitazama.

Hapo ndipo ufundi wa tamasha unapoanza kuonekana. Safari ya kwanza ya jahazi, kutoka Maine hadi New York katika kiangazi cha 1969, ilipangwa kuwa mfululizo wa maonyesho. Nahodha alikuwa Allan Aunapu. Mabaharia wengi walikuwa waimbaji, na msaidizi wa nahodha, Gordon Bok, ni mwimbaji mashuhuri wa nyimbo za bahari za Maine. Mwimbaji Ramblin' Jack Elliott alikuwamo. Alikuwamo pia Don McLean, kijana ambaye miaka miwili baadaye angejulikana duniani kwa wimbo wake American Pie. Mchana jahazi liko gatini, watu wanapanda na kushuka. Jioni nyimbo zinaanza, na chombo cha michango kinapita mkono kwa mkono.

Anayejua hesabu za maonyesho ya hisani anajua yanakofia: usafiri, malazi, matangazo. Clearwater lilizibeba gharama hizo tatu kwa mkupuo. Wasanii walisafiri ndani yake na kulala ndani yake, na mlingoti wa futi 108 wenye tanga kubwa namna ile hauhitaji bango. Tena, mchangiaji aliiona fedha yake imesimama mbele yake, akaigusa kwa kiganja. Hundi haina uwezo huo.

Kisha kuna muziki wenyewe. Seeger alipiga banjo aliyoibuni upya miaka ya 1940: shingo yake ilirefushwa kwa vyuma vitatu vya ziada, vile ambavyo mpigaji hubana nyuzi juu yake, ili wimbo uweze kushushwa sauti. Kwa mwanamuziki wa kawaida hilo ni jambo dogo. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuimbisha umati, linabadilisha kila kitu, kwa kuwa seremala, mwalimu na mama mwenye mtoto mgongoni hawana koo la mwimbaji wa jukwaani. Ukiwawekea sauti ya juu, watakaa kimya na kukupigia makofi. Ukiishusha, wataimba. Juu ya hilo alikuwa na mbinu ya kuutaja mstari kwa haraka kabla haujaimbwa, bila kuvunja mapigo, hata asiyeujua wimbo akaweza kuufuata, halafu akawagawa watu kwa sauti za juu na za chini mpaka wakasikia wenyewe kwamba wamekuwa kwaya. Aliyekwisha kuimba na majirani mia mbili wa mji wake ameshafanya nao jambo moja la pamoja. Kumwomba ajiunge na chama, au aje Jumamosi kuokota taka ufukweni, huwa ni hatua fupi.

Ufundi huo ulikuwa na kazi nyingine pia, maana Seeger hakupendwa na kila mtu kwenye bonde lile. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge iliyowasaka wakomunisti, akakataa kujibu. Mwaka 1961 alihukumiwa, na mwaka 1962 hukumu hiyo ikafutwa. Katika miji ya kihafidhina ya Hudson, wapo waliolitazama jahazi kama hila ya kisiasa. Jibu la watu wake lilikuwa chakula na mlango wazi. Klabu ya majahazi ya mji wa Beacon ikaanzisha sherehe za ukingoni zisizo na kiingilio: stroberi mwezi Juni, mahindi Agosti, maboga Oktoba. Mtu asiyetaka kumsikiliza Seeger alikuja kununua kipande cha keki ya stroberi, na akiwa amesimama pale na sahani yake, mto uko hatua chache mbele yake.

Mpangaji mkuu wa mambo haya alikuwa mkewe, Toshi Seeger, na wachambuzi wengi hupita haraka jina lake. Yeye ndiye aliyeliongoza tamasha kubwa, Great Hudson River Revival, lililokua katika bustani ya Croton Point. Ni rasi ambayo sehemu yake ilikuwa dampo la wilaya hadi 1986, kwa hiyo hotuba kuhusu taka zilitolewa kando ya taka zenyewe. Badala ya jukwaa moja kubwa kukawa na majukwaa kadhaa madogo: la dansi, la hadithi, na duara la kuimba ambalo halikuwa na watazamaji kwa sababu kila aliyeketi aliimba. Wakalimani wa lugha ya ishara walisimama kando ya waimbaji. Mamia ya watu walijitolea kuanzia uzio hadi vyoo. Mpangilio huo unachosha kuusimamia, lakini unamzuia mgeni kukaa siku nzima akiwa mtazamaji tu.

Mei 3, 2009, Seeger alipotimiza miaka 90, utaratibu wote uligeuzwa. Onyesho likawa Madison Square Garden, ukumbi uliojengwa juu ya stesheni ya treni katikati ya Manhattan, watu wapatao 15,000, wasanii zaidi ya 40: Bruce Springsteen, Joan Baez, Arlo Guthrie, Emmylou Harris, Taj Mahal. Mapato yakaenda kwa shirika la Clearwater. Seeger hakupenda sherehe za kumtukuza, na faida ya mto ndiyo iliyomfanya akubali. Kama njia ya kupata fedha nyingi kwa usiku mmoja, ulikuwa mpango sahihi. Lakini halikuwa onyesho la aina ileile, na mtu asidanganyike kuiga la Garden akidhani ameiga la Hudson. Nyota wale hawakukusanywa na tangazo. Walikusanywa na miaka zaidi ya 40 ya magati na nyasi. Siku 12 baadaye, Mei 15, mitambo ilianza kuchimbua tope lenye PCB karibu na Fort Edward, kazi iliyoendelea hadi 2015 na ambayo Clearwater, pamoja na mashirika mengine, iliipigania kwa miaka mingi.

Udhaifu wa mfumo huu uko kwenye hesabu, na haufai kufichwa. Jahazi la mbao halimalizi kudai: mbao huoza, kalafati hurudiwa, mkuku hukaguliwa. Tamasha kubwa nalo hutegemea hali ya hewa na bei ya wasanii. Mwaka 2016 Clearwater ililazimika kuahirisha Revival kwa kuwa fedha zilikuwa zimebana, wakati jahazi lenyewe likiwa katika ukarabati mkubwa. Tamasha likarejea 2017. Somo la kiufundi hapa ni kwamba tukio likishakuwa kubwa kiasi cha kuhitaji kuokolewa, linaanza kula kile lilichoundwa kukilisha. Sherehe ndogo za Beacon hazikufikia hatari hiyo, kwa sababu karibu kila kitu ndani yake hufanywa na watu wa mji bila malipo. Klabu hiyohiyo ina chombo kidogo kilichojengwa 1978, kinaitwa Woody Guthrie, na jioni za kiangazi huwapeleka mtoni watu wowote waliofika gatini, bure, na wanaojisikia kuchangia huchangia.