Kiu na Tamaa: Kuisoma Upya Hotuba ya Kwanza ya Budha

Katika mahubiri yetu Ubudha hutajwa mara nyingi kwa sentensi moja tu: ni dini imwamuruyo mtu aue kila tamaa ili apate amani. Kauli hiyo ni nyepesi, wala haistahimili kusomwa kwa hotuba yenyewe, ambayo mapokeo ya Wabudha husema ilitolewa katika bustani ya ayala huko Sarnath, karibu na Varanasi nchini India, mbele ya watawa watano.

Hotuba ni fupi, na mpango wake wafanana na kazi ya tabibu: yataja ugonjwa, yaani mateso, kisha chanzo chake, uwezekano wa kupona, na dawa, yaani njia yenye sehemu nane. Chanzo chaitwa kwa Kipali tanha, maana yake kiu. Nayo ni ya namna tatu: kiu ya anasa, kiu ya kuendelea kuwako, na kiu ya kutokuwako. Hiyo ya tatu yatupasa kuitafakari. Atamaniye kutoweka angali mtumwa wa kiu. Basi hatuna haki ya kudai kwamba Budha alihubiri hamu ya kutoweka. Tena hotuba yaanza kwa kukataa anasa na kuutesa mwili, yote mawili. Kwingineko katika maandiko ya Kipali, mwanafunzi ahimizwa kuamsha chanda (si chanda chetu cha mkono), yaani nia ya kutenda mema. Si kila kutaka kunakohukumiwa.

Luther asingeipinga upesi picha hii. Katika mihadhara yake juu ya Warumi, 1515–1516, alimweleza mwenye dhambi kuwa mtu aliyejipinda kujielekea mwenyewe, hata amtafutapo Mungu.

Tofauti iko hapa: ni nani anyoshaye kilichopinda? Hotuba yampa msikilizaji njia, naye hutembea. Kwa Luther, moyo uliojipinda hunyoshwa na Neno litokalo nje yake. Hata hivyo tusiwajumlishe Wabudha wote: Shinran wa Japani (1173–1263) alifundisha kuitegemea nguvu ya Amida, si jitihada ya mtu, na Karl Barth aliyajadili mafundisho hayo mwaka 1938.

Tuhubiri tofauti hiyo bila woga. Lakini kumpinga jirani kwa neno asilolisema ni kuivunja amri ya nane, hata kama twafanya hivyo mimbarani.