Nzi Vimelea Hutambulika Ubavuni

Mtu akimwona nzi ametua juu ya jani la muhindi, simu humwelekea mgongoni. Picha hupendeza, lakini kwa anayemsaka nzi kimelea haisaidii sana. Mgongo wa kijivu wenye mistari myeusi wanao wengi: nzi wa nyumbani, nzi wa nyama, na hawa wa familia ya Tachinidae, ambao funza wao hula viwavi kutoka ndani. Tangu viwavijeshi vamizi waingie nchini Tanzania mwaka 2017, mkulima wa mahindi wa Njombe ana kila sababu ya kuwafahamu hawa wa mwisho.

Tuanze na picha ya ubavuni. Mwisho wa kifua pana kijingao cha pembetatu kinachoelekea tumboni. Ikuze picha, utazame chini ya kijingao hicho. Kwa nzi wa nyama na nzi wa kijani pako bapa au pamebonyea. Kwa Tachinidae pana uvimbe wa mviringo, kana kwamba kijingao cha pili kimejificha chini ya cha kwanza. Uvimbe huo nauamini kuliko rangi, kuliko ukubwa, kuliko hata nywele ngumu za tumboni. Kisha natazama juu ya kiungio cha mguu wa nyuma: pakiwa na safu ya nywele ngumu, nzi wa nyumbani ameondoka kwenye orodha. Mshipa wa bawa uliopinda ghafla karibu na ncha ni ushahidi wa ziada tu, kwa kuwa nzi wa nyumbani naye anao.

Upepo wa Makambako, mkoani Njombe, hutikisa majani, na picha ikitoka na ukungu uvimbe hauonekani. Piga asubuhi, baridi ikiwa bado kali. Nzi huwa mzito, anaota jua, haruki upesi.

Hapo tumefikia familia, nayo ina spishi zaidi ya 8,500 duniani. Nyingi hutenganishwa kwa viungo vya uzazi vya dume, ambavyo simu haivioni. Ndiyo maana naithamini zaidi picha ya kiwavi alimotoka nzi. Mfuge kiwavi peke yake kwenye kopo lililofunikwa kitambaa, umlishe majani mabichi ya mahindi. Akitoka funza akageuka pupa mgumu wa kahawia, huyo ni nzi. Kikitokea kifuko cheupe cha hariri, ni nyigu kimelea, mfano Cotesia icipe. Nchini Kenya, nzi waliotoka kwa viwavijeshi vamizi walitambuliwa kuwa Palexorista zonata. Jina hilo linanipa pa kuanzia, ila silibandiki kwenye picha ya Makambako kwa kufanana tu.

Chini ya picha naandika Tachinidae, kiwavi aliyemtoa, mmea, kijiji na tarehe. Nzi mwenyewe namchoma pini na kumkausha, maana mtaalamu atakayetafuta spishi atauhitaji mwili wake.